Mbwelu wa Gongoni

Ukiingia Gongoni kwa upande wa soko, mjini Tabora, fuata mlio wa nyundo juu ya bati. Utamkuta Adinani Shaban amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, bati limelala mapajani. Anatengeneza majiko ya mkaa, karai, koroboi ambazo siku hizi hununuliwa na wachache, na madebe ya asali yenye vifuniko visivyovuja hata debe likipinduliwa. Warina asali wa Uyui wanamjua kwa madebe hayo. Majirani wanamjua kwa mdomo wake. Ni mfupi, mweusi wa kung'aa, ana mke anayeitwa Najiat na watoto wakubwa waliotawanyika mpaka Dar es Salaam, na ana kisukari anachokisingizia kila anapoona uvivu kuinuka.

Kama ingekuwa hayo tu, asingestahili kuandikwa. Mafundi bati wako kila mji. Lakini Adinani ni mmoja wa watu wawili waliotengeneza ndege, na ndege huyo hakutengenezwa kwa bati. Anaitwa mbwelu. Anaishi kisiwani, hawezi kuruka, na hayupo. Hayupo popote duniani, hilo lijulikane mapema, asije mtu akapanda treni kumtafuta.

Mtu wa pili ni Mwalimu Luhende. Alikuja mjini akiwa kijana, amehamishiwa kufundisha baiolojia katika sekondari moja, na siku ya kwanza alifika kwa Adinani na kopo la kumwagilia maua lililotoboka. Adinani akaligeuzageuza kopo, akamgeuzageuza na mwenyewe kwa macho.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Mnyamwezi. Kwetu Puge."

"Mimi Mzaramo," akasema Adinani, na hapohapo akaligonga kopo kwa nyundo likatoboka mara ya pili. "Haya, sasa utanilipa matundu mawili."

Kwingine kungezuka ugomvi. Luhende alicheka, akachukua chapati ya Adinani iliyokuwa juu ya benchi, akaila yote. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakikutana njiani kati ya pwani na bara, wamechoka, wana kiu, wanagombea kisima kimoja. Wakaona heri watukanane kuliko wachinjane. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikunyang'anya kitoweo unamwachia. Na siku ukifiwa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kukuchekesha, tena si ruhusa tu, ni wajibu wake. Asipofanya hivyo amekudharau wewe na maiti wako.

Basi siku hiyo Adinani, akiliziba kopo, akaendelea: "Ninyi Wanyamwezi mko kama yule ndege aliyetua kisiwani, akakuta chakula tele, akala, akala, mpaka akasahau kuruka. Ndiyo maana kutoka Puge mpaka hapa imekuchukua umri mzima."

Alitegemea naye atukanwe. Luhende akakunja uso.

"Hapana. Kuruka hakusahauliki kama mwavuli. Kwanza ni ndege gani?"

"Ndege tu."

"Hakuna ndege tu. Alitoka wapi?"

Adinani akasema la kwanza lililomjia. "Alikuwa njiwa pori. Dhoruba ilimchukua, ikamtupa kisiwani."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Atazaa na nani?"

Adinani akaacha kugonga. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo, kuichukua porojo yake na kuiuliza maswali kana kwamba imekula kiapo. Alikasirika kidogo, halafu akagundua kwamba alikuwa anataka kujua. "Basi walikuwa kundi," akasema. "Na kisiwa hakina paka, hakina kicheche, hakina nyoka, wala hakina Mnyamwezi. Tuendelee."

Wakaendelea. Wameendelea mpaka wamezeeka.

Kisiwa walikiweka katikati ya ziwa ambalo misafara ya zamani ingelifikia kama isingekuwa na mazoea ya kukomea Ujiji. Ziwa lenyewe halina jina kwa sababu kila walipojaribu kulipa jina walibishana mpaka jua likashuka. Kuna mikuyu mingi kisiwani, na tini zake zikiiva huanguka chini zenyewe. Hapo ndipo Luhende alipomfungulia Adinani mlango ambao hajaufunga mpaka leo.

"Hakuna aliyesahau," alimweleza. "Katika kundi lile wapo waliozaliwa na mabawa makubwa kidogo, wapo waliozaliwa na madogo. Mwenye makubwa anakula sana ili ayalishe yale manyama ya kurukia. Kwenu pwani yangemwokoa na mwewe. Hapa hakuna mwewe. Mwenye madogo chakula kilekile anakitia kwenye mayai. Watoto wake ni wengi zaidi, nao wana mabawa madogo kama yeye. Rudia hivyo vizazi na vizazi, kila mara kidogo tu."

Adinani akalitazama bati lililokuwa mapajani mwake. Alikuwa amekata kifuniko kikubwa mno asubuhi ile, na kitako cha debe kikapungua.

"Kumbe ni bati," akasema polepole. "Bati ni moja. Ukiongeza kwenye kifuniko, umepunguza kwenye kitako."

Luhende akaomba aseme tena. Wiki iliyofuata alikwenda na kipande cha bati darasani. Tangu hapo ikawa sheria yao: huwezi kumpa mbwelu kitu bila kusema umekitoa wapi, na huwezi kumnyima kitu bila kusema aliyekikosa alinufaikaje. Mabawa yalipopungua, miguu ikanenepa. Mdomo ukawa mfupi na mnene kama mkasi wa bati, kwa sababu misimu ya ukame tini hakuna, zipo kokwa ngumu tu, na mwenye mdomo mwembamba hafiki masika. Mayai yakapungua mpaka likabaki moja kubwa, kwa kuwa kisiwa kilishajaa na kifaranga mdogo hapati nafasi ya kuokota mbele ya wakubwa. Vijibawa vilivyobaki jogoo huvitumia kupigana vibao wakati wa kugombea jike.

Adinani alitaka sana mbwelu awe na masharubu. Aliyapigania miezi. Luhende akauliza masharubu yanamsaidia nini, na chuku zote za Adinani hazikutoa sababu hata moja. Masharubu yakafa. Mkia wa upawa nao ukafa. Kwa upande mwingine, Luhende aliwahi kuleta maelezo marefu juu ya figo za mbwelu, yenye sababu zote zinazotakiwa, lakini jirani yao Sabiri, fundi baiskeli anayecheka kwa kutikisika tumbo bila kutoa sauti, hakutikisika hata kidogo. Kesho yake hakuna aliyekumbuka figo. Hivyo hadithi yenyewe ilikua kwa kuchujwa, kama ndege wake. Lililokosa sababu lilimfia Mwalimu, lililokosa kicheko lilimfia Sabiri, na lililovuka kote kuwili likabaki.

Jambo moja lilimsumbua Adinani kuliko mengine yote. Alikuwa amesema kwa mzaha tu kwamba mbwelu haogopi kitu, kwamba akiona kitu kigeni ufukweni hakikimbii, anakikimbilia. Luhende akauliza kwa nini. Adinani akarudi na swali hilo nyumbani, akalala nalo, akatengeneza ndoo yenye mpini ndani. Najiat alidhani mumewe amepata mwanamke. Baada ya siku nyingi akamwendea Luhende mpaka getini kwa shule, aproni yake imejaa masizi.

"Kisiwani kwake," akasema, "kila kitu kigeni kililetwa na maji, na karibu kila kilicholetwa na maji kilikuwa chakula. Waliokimbilia walishiba. Waliojificha walikuta maganda."

"Hapo ningekupa alama zote," akasema Luhende.

Adinani hajasoma zaidi ya darasa la saba, na kauli ile aliitunza moyoni kuliko pongezi yoyote aliyowahi kupewa. Lakini njiani akirudi akajiuliza jambo jingine, na jioni akamuuliza mwenzake: je, siku paka atakaposhuka kisiwani? Luhende akamtazama kwa huruma. "Atamkimbilia paka amwangalie vizuri," akasema, na siku hiyo hata tumbo la Sabiri halikutikisika.

Utani ule haukuishia kwenye benchi. Baba yake Luhende alipofariki, Adinani alikwenda Puge amevaa gunia, akajitupa ndani ya kaburi lililokuwa wazi, akajilaza chali. Alisema kaburi ni zuri mno kwa Mnyamwezi, apewe yeye, na wao wamzike mzee wao kwenye kichuguu kama walivyozoea. Ilibidi waje wajomba kumtoa, na hakutoka mpaka akapewa jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Luhende alicheka mpaka akashika magoti. Puge hawajasahau, akitajwa mtani, anatajwa yule Mzaramo wa kaburini.

Ndiyo sababu mwaka huu, mama yake Luhende alipokata roho baada ya kuugua muda mrefu, simu ya kwanza haikwenda kwa ndugu. Ililia kwa Adinani.

"Mama ametutoka," akasema Luhende. Sauti yake haikuwa ya Mwalimu, ilikuwa ya mtoto. "Njoo, Mzaramo. Usiponichekesha safari hii nitakufa."

"Nakuja," akasema Adinani. "Nitawachekesha mpaka huyo mama yenu aamke anifukuze."

Asubuhi ya safari alikuwa uani nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, anajaribisha kofia ndefu ya bati aliyoikunja kwa ajili ya msiba. Shangazi yake, Bi Mwanajuma, dada wa marehemu baba yake, alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele. Ni mkongwe mno, haoni vizuri, ila mchele anauchagua kwa vidole na hakosei.

"Kuna kelele za bati," akasema. "Unaenda wapi?"

"Puge, Shangazi. Mama yake Luhende amefariki. Naenda kutania."

"Mungu amrehemu. Utamtania kama nani?"

"Kama Mzaramo, Shangazi."

Bi Mwanajuma akaacha mchele. Alicheka kicheko kidogo kikavu. "Mzaramo wa wapi wewe? Babu yako Shaban alikuwa mtu wa Kigwa, hapo kituo cha treni. Mnyamwezi wa baba na mama. Alibeba pembe mpaka pwani na misafara ya mwisho, kabla reli haijafika. Akakaa kule, akasilimu, akajifunza kanzu na kuvuta maneno. Aliporudi, watu wakamwita Mzaramo kwa kumkejeli, naye akapenda. Siku zile mtu wa pwani alikuwa mtu. Nani alitaka kuitwa mpagazi?"

Adinani akavua kofia. "Baba alijua?"

"Alijua."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema Bi Mwanajuma, akarudi kwenye mchele wake. "Halafu ulikuwa unafurahi."

Adinani akakaa chini, na safari hii hakusingizia kisukari. Miaka yote aliwaita Wanyamwezi wapagazi, akajigamba kwamba watu wake walikaa vivulini pwani wakingoja mizigo ifike, kumbe mzigo mmojawapo ulikuwa kichwani kwa babu yake. Hilo lingeweza kuchekesha. Lisilochekesha ni kaburi. Mzaramo akijitupa katika kaburi la Mnyamwezi ni utani. Mnyamwezi mwenzao akifanya hivyo, basi ni mtu mzima aliyekanyaga kaburi la mzee wa watu na kuicheka maiti yake mbele ya watoto wake.

Angeweza kunyamaza. Anayejua ni mmoja, hatoki uani. Najiat alimwambia wazi: "Nenda kamchekeshe mwenzio. Kabila lina haraka gani?" Huenda Najiat alikuwa na akili kuwashinda wote. Lakini Adinani amekaa muda mrefu mno na Luhende. Kila alipojaribu kutunga mzaha akilini, alisikia ile sauti ikiuliza sababu, na sababu ilikuwa imeondoka. Kofia ya bati aliiacha uani.

Puge walikuwa wanamngoja. Benedikta, mdogo wa marehemu, alimzuia njiani na mwiko mkononi, machozi na tabasamu pamoja. "Mzaramo, leo utalala kaburi lipi?"

"Shikamoo, mama mdogo," akasema Adinani.

Wanawake wakaangua kicheko, wakidhani ndiyo mwanzo. Wakangoja. Adinani akapita kimya, akachukua jembe, akaenda kuchimba pamoja na vijana. Alichimba vizuri. Alibeba jeneza upande wa miguu. Kwenye kaburi watu walimwachia nafasi mbele, nafasi ya mtani, na nafasi ile ikabaki wazi kwa sala zote mpaka udongo ukaisha kurudishwa. Akamsikia mtu nyuma yake akinong'ona kwamba mtani amenuna. Mara moja alifungua mdomo. Alimwona Luhende ameinua uso, anamtazama kwa matumaini, midomo yake imeshaanza kujiandaa kucheka. Adinani akaufunga. Hajawahi kufanya jambo gumu kama hilo, na hajui mpaka leo kama lilikuwa jema.

Luhende alimfuata nyuma ya ghala la mpunga.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

Adinani akamweleza yote: Kigwa, pembe, kanzu, reli. Hakujitetea. Luhende alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi, kichwa kimeinama upande.

"Una uhakika?"

"Ni Shangazi. Ndiye aliyemuuguza babu mpaka akafa. Na hana sababu ya kudanganya."

Luhende ni mtu wa kukubali ushahidi hata ukimuumiza; hiyo ndiyo dini yake kabla ya ile ya Jumapili. "Basi hatukuwa watani," akasema. "Wewe ni kaka yangu. Umenizidi umri." Akainamisha kichwa. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu Adinani, kwa kuwa hakuna jibu jingine.

Ukoo wa Puge haukumtia aibu. Luhende aliwaeleza, na wazee wakasema la kaburini lilifanywa bila kujua, limekwisha. Wakamkalisha jamvini na wenye msiba, wakamkatia ugali upande wa wakubwa, wakamwita mtoto wa nyumbani. Kila mmoja alikuwa mwema kwake, na hakuna aliyemnyang'anya nyama. Adinani aliila yote peke yake, na haikushuka.

Mjini mambo yakawa mabaya zaidi, kwa maana yalikuwa mazuri. Luhende, ambaye sasa amestaafu, alipita Gongoni kila siku kama zamani, lakini alisimama. "Shikamoo, kaka. Kazi zinaendaje?" Zinaendelea vizuri. "Na shemeji hajambo?" Hajambo. Akapewa kiti, akashukuru, akakaa kidogo, akaaga. Mara moja alinunua chapati mbili akampa Adinani moja. Adinani aliitazama ile chapati aliyopewa kwa mkono, bila kuibiwa wala kuiba, akatamani kuitupa barabarani.

"Mmegombana?" Sabiri akauliza.

"Hatujagombana. Tumekuwa ndugu."

Kaka na mdogo wake wanaheshimiana. Huo ndio udugu wenyewe, na katika maisha mengine ungemtosha mtu. Lakini mambo mangapi Adinani aliyasema kwa Luhende ambayo hawezi kuyasema kwa mdogo wake? Mbwelu naye alikwama. Mrina asali mmoja aliyezoea kumsikia ndege huyo alisimama na madebe yake akauliza, ikiwa mvua kisiwani itakataa miaka mfululizo, mbwelu atakuwaje. Lilikuwa swali zuri. Zamani wangelitafuna mpaka magharibi. Luhende akasema, "Kaka anaweza kukueleza." Adinani akasema, "Mwalimu ndiye anayejua." Mrina asali akaondoka bila jibu.

Akiwa hana wa kumuuliza, Adinani alianza kujiuliza juu ya babu yake. Alimfikiria kijana wa Kigwa anayetua mzigo kwa mara ya kwanza mbele ya bahari. Wenzake waligeuka na kurudi. Yeye aliona nini kilichomfanya abaki? Na aliporudi, alikuwa bado mtu yuleyule kwenye kanzu ngeni, au vile alivyojifanya kila siku, kidogo kidogo, ndivyo alivyokuwa? Siku moja akapanda treni akashuka Kigwa. Aliwatazama watu usoni akitafuta pua ya baba yake, mpaka mama muuza karanga akamuuliza kama anamdai mtu. Aliwauliza wazee habari za mtu aliyeondoka na pembe. Hakuna aliyemkumbuka, waliondoka wengi. Alirudi na mfuko wa karanga tu.

Akamsimulia Luhende habari hiyo, kwa adabu, kama kaka anavyomsimulia mdogo wake. Luhende alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akaaga. Kisha hakuonekana kwa siku kadhaa.

Alirudi siku mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati ya Gongoni. Hakutoa shikamoo. Aliingia amelowa, akapindua debe, akalikalia.

"Nimetoka Puge," akasema. "Babu yangu alikuwa na dada. Aliolewa Kigwa."

Adinani akaendelea kugonga, lakini polepole. "Na nani?"

"Na babu yako."

"Bibi yangu alikuwa Mmanyema wa hapahapa mjini. Kaburi lake nimekuonyesha."

"Basi aliolewa na kaka yake babu yako."

"Babu alikuwa na kaka?"

"Atakosaje kaka? Kijana hawezi kuondoka moja kwa moja hivyo kama hakuna anayebaki kuwatunza wazee." Luhende alikuwa anaongea haraka, macho yako kwenye jiko lililokuwa miguuni pa Adinani. "Na mtoto wa ndugu wa mume ni mtoto wako, kwa hiyo baba zetu ni watoto wa kaka na dada. Kwa hiyo mimi na wewe, kwa kurithi, ni mabinamu. Na binamu kwa Wanyamwezi ni mtani kuliko Mzaramo yeyote. Ni wa damu, huyo hakuna wa kumfukuza."

Adinani aliiweka nyundo chini. Alikumbuka jinsi alivyozunguka Kigwa, na alijua kwamba Puge nako hakuna mtu aliyesema maneno hayo.

"Mwalimu," akasema. "Ushahidi uko wapi?"

Sabiri, ng'ambo ya pili ya ukuta wa mabati, aliacha kujaza upepo. Luhende ndiye aliyekataa masharubu ya ndege miezi mizima kwa kukosa sababu moja. Mvua ilizidi kupiga, naye akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka.

"Sina," akasema.

Adinani akaishika tena nyundo.

"Sina hata kidogo. Na ukiniuliza tena, mpagazi wewe, uliyetorokea pwani na pembe za watu ukaturudia na kanzu, nitakuvisha hilo jiko kichwani."

Adinani akainama chini ya benchi kana kwamba ameangusha kitu, akakaa huko kitambo, mabega yanamtikisika. Alipoinuka alikuwa na masizi usoni mpaka machoni.

"Sogea, binamu," akasema. "Unanizibia mwanga."